Mlima usio na geti

Mhariri,

Ukurasa wenu wa elimu umewaelekeza vizuri vijana wanaokuja kusoma Uingereza: viza, benki, chumba, koti la baridi. Niliusoma nikiwa hapa Perth, Uskochi, nikamtumia mtoto wa dada yangu anayesoma Dundee. Lakini kuna jambo moja halikuwamo, nalo ndilo lililonifanya niandike. Ni milima ya huku wakati wa baridi. Kijana ameambiwa ajikinge na mafua. Hakuambiwa kwamba mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka chuoni kwake kuna mahali anapoweza kufa kwa baridi Jumamosi mchana, na hakuna mtu wa kumzuia mlangoni.

Mimi ni mzaliwa wa Marangu. Nilibeba mizigo Kilimanjaro miaka tisa. Sisi wapagazi huitwa wagumu, na jina hilo tumelitolea jasho: kilo 20 kichwani, mvua ya kambi ya Mandara, vumbi la njia ya kambi ya Horombo, usiku wa kambi ya Kibo unaogandisha maji ndani ya chupa. Nilipokuja huku kwa kazi ya kutunza wazee, niliitazama milima ya Uskochi kwenye ramani nikafanya hesabu ambayo kila mtu wa kwetu ataifanya. Geti la Marangu liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza, una mita 1,345. Yaani pale tunapopima mizigo kwenye mizani, kabla mgeni hajapiga hata hatua moja, tayari tuko juu kuliko kilele chao kirefu. Nikasema moyoni, hivi ni vilima.

Hesabu hiyo ni sahihi, na ndiyo nusura iniue.

Ilikuwa Desemba ya mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa na siku mbili za mapumziko, nikapanda treni hadi Aviemore, halafu basi hadi maegesho ya chini ya mlima wa Cairn Gorm. Mlima huo una mita 1,245. Miguuni nilivaa buti zangu zilezile za Kilimanjaro, mgongoni begi dogo lenye mkate na chupa ya maji. Ramani ilikuwa kwenye simu. Kwa chini ya saa mbili nilikuwa kileleni, na sikuhema. Pale juu kuna kituo cha kupima hali ya hewa cha Chuo Kikuu cha Heriot-Watt, na siku hiyo kilikuwa kimevikwa barafu yenye umbo la manyoya ya ndege, imeota kuelekea upepo unakotoka. Nilipiga picha nyingi. Sikujua kwamba manyoya yale ni maandishi, kwamba anayejua kuyasoma hujua upepo wa siku zilizopita ulivuma kutoka wapi, na kwa hiyo theluji imelundikwa upande gani.

Kutoka kileleni nikafuata ukingo kuelekea magharibi, kwa kuwa palionekana tambarare na rahisi. Wingu likashuka. Naomba wasomaji wa nyumbani wanielewe hapa, kwa sababu jambo hili halipo kwetu. Giza tumelizoea, usiku wa kwenda Gilman's, kule ukingoni mwa kreta ya Kibo, tunapanda gizani kwa muda wa saa sita nzima. Huku ilikuwa mchana, nuru tele, lakini nuru isiyoonyesha kitu. Theluji nyeupe, wingu jeupe, na kati yake hakuna mstari. Nilitazama buti zangu nikaziona zimesimama hewani. Nilipiga hatua nikidhani nashuka, kumbe napanda. Nikatoa simu, baridi ilikuwa imekwisha kuizima. Saa ya mkononi ilisema saa nane mchana. Desemba, jua la huko huzama yapata saa tisa na nusu alasiri.

Walionikuta ni mama mmoja wa makamo na mumewe, wamefungwa kamba, mama akiwa mbele na dira mkononi. Kabla ya kunisalimia vizuri alinishika mkono akanirudisha nyuma hatua kadhaa. Kisha akafinyanga donge la theluji akalirusha mbele, kule nilikokuwa naelekea. Lilianguka, likaonekana limekaa. Akarusha la pili mbali kidogo. Hilo halikukaa mahali popote. Lilipotea tu.

Upepo hujenga theluji ikatokeza nje ya ukingo wa mwamba kama baraza lisilo na nguzo. Ukiwa juu yake huoni tofauti na ardhi. Chini yake kulikuwa na Coire an t-Sneachda, jina la Kigaeli lenye maana ya bonde la theluji, na kuta zake za mwamba zinashuka wima. Mama yule hakunigombeza. Alinipa glavu, akaniweka katikati yao, tukashuka. Sikupata kumwona tena.

Naeleza haya kwa sababu mwezi Novemba uliopita kijana wangu huyo wa Dundee aliweka picha kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Amesimama juu ya Schiehallion, mlima wa mita 1,083 hapa mkoani Perthshire, mikono juu, theluji imefika vifundoni. Pongezi zikamiminika kutoka Moshi, Arusha, Mwanza. Wajomba na mashangazi wakamwita simba wa Kibo. Mimi nilikuza picha nikatazama miguu. Alikuwa amevaa raba.

Nikampigia simu usiku huohuo. "Mjomba," akaniambia, "hiki ni kilima. Wewe umebeba mizigo hadi Kibo, unakiogopa kilima?" Sikubishana naye. Nilimwambia ajiandae Januari, tutakwenda pamoja, ila ataniahidi kunisikiliza siku hiyo moja kama mgeni anavyomsikiliza mwongozaji wake.

Tulikwenda wikiendi ya mwisho ya Januari, siku mbili. Ya kwanza hatukupanda popote. Tulikodi vifaa Aviemore, buti ngumu zisizokunjika nyayo, shoka la barafu, na kramponi, yaani meno ya chuma yanayofungwa chini ya buti. Kisha tukatafuta mteremko mfupi ambao mwisho wake ni tambarare ya theluji laini, tukashinda hapo tunaanguka. Unajitupa kwa makusudi, kwa tumbo, kwa mgongo, kichwa kikitangulia, na kila mara unageuka kifudifudi, shoka umelikumbatia kifuani, unalizamisha ncha kwa uzito wa mwili wote mpaka usimame. Niliyajifunza hayo baada ya ile Desemba, kwenye kituo cha mafunzo cha Glenmore Lodge kilicho chini ya mlima huohuo. Kijana alianguka mara thelathini. Ya kwanza alitelezea hadi chini kabisa akipiga kelele. Ya mwisho alisimama ndani ya urefu wa mita mbili.

Jioni tukasoma taarifa mbili kabla ya kula, moja ya hali ya hewa ya milimani, nyingine ya maporomoko ya theluji. Hiyo ya pili hutolewa kila siku msimu wa baridi kwa maeneo sita ya Uskochi, bure, na hueleza mteremko unaoelekea upande gani, kuanzia mwinuko gani, una hatari ya kiwango kipi kati ya 1 na 5. Nikamwambia kijana aisome kwa sauti kama anasoma somo kanisani. Miteremko ya kaskazini mashariki, juu ya mita 900, ilikuwa na hatari kubwa. Basi tukaiondoa kwenye njia yetu palepale mezani, na kesho yake hatukuijadili tena.

Jumapili jua lilichomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi. Sisi tulikuwa tayari kwenye maegesho, tochi vichwani. Njia tuliyochagua inapanda mgongo wa Fiacaill a' Choire Chais, inafika Cairn Gorm, inarudi kufuata vilele vilivyopangana kuelekea magharibi, Stob Coire an t-Sneachda wenye mita 1,176 na Cairn Lochan wenye mita 1,215, halafu inateremka kurudi mahali ilipoanzia. Ni zaidi ya kilomita 10 kidogo. Kiangazi watoto huitembea.

Nitakumbuka siku zote sauti ya kramponi kwenye theluji iliyoganda, kama mtu anayetafuna muwa mkavu. Katikati ya mawe, ndege mweupe mfano wa kwale aliruka mbele yetu akikoroma kama chura. Huvaa manyoya meupe majira ya baridi, na kama asingeruka tungemkanyaga. Kileleni Cairn Gorm kipimo chetu kilisoma nyuzi 4 chini ya sifuri. Kwa mtu aliyelala Kibo, nyuzi 4 si kitu. Lakini upepo ulikuwa wa karibu kilomita 60 kwa saa, na kwa upepo huo ngozi inahisi nyuzi 14 chini ya sifuri. Na huo ulikuwa upepo wa siku nzuri. Kituo kilekile cha kileleni kilipima maili 173 kwa saa, karibu kilomita 278, tarehe 20 Machi 1986. Nilimwambia kijana hayo tukiwa tumeinama nyuma ya ukuta wa kituo tukinywa chai ya tangawizi. Aliacha kuzungumza kwa muda.

Kutoka hapo nilimkabidhi dira. Nilitaka atembee akijua alipo hata kama wingu lingeshuka. Kwenye tambarare, mguu wake wa kulia hugusa chini mara 64 katika kila mita 100. Tulipima siku iliyotangulia kandokando ya barabara. Akawa anahesabu, anahamisha kijiwe kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine kila mita 100. Wingu lilishuka kweli, si kwa muda mrefu, labda nusu saa, kati ya kilele cha pili na cha tatu. Nikamwona anasimama, anatazama miguu yake, halafu ananitazama mimi. Nilijua anachokiona. Sikumwambia kitu. Akatazama dira, akahesabu, akatembea. Tulikuwa tumejiwekea mwelekeo unaotuweka mbali na ukingo, upande wa kusini, na hatukuuacha.

Wingu lilipopasuka tulikuwa karibu na kilele cha Cairn Lochan. Hapo ndipo glavu ilipomponyoka. Aliivua afungue mkanda wa kramponi, akaibana kwapani, upepo ukaichomoa. Ilikwenda juu ya theluji kama karatasi, moja kwa moja hadi ukingoni, ikavuka. Akapiga hatua tatu kuifuata. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani, lile la utotoni ambalo hutumiwa na mama yake tu, na akasimama.

Nilikuwa na jozi mbili za akiba. Kila anayekwenda huko wakati wa baridi awe nazo, maana mkono usio na glavu kwenye upepo ule unaacha kufunga zipu ndani ya dakika chache, na usipoweza kufunga zipu huwezi kujisaidia kwa lolote.

Toka hapo ungeiona Ben Macdui upande wa kusini, mita 1,309, mlima wa pili kwa urefu Uingereza, mweupe na mpana, inaonekana karibu sana. Kijana aliitaka. Ilikuwa saa saba na robo, na tangu Aviemore tulikuwa tumekubaliana kwamba saa saba, popote tulipo, tunageuka. Alisema miguu yake haijachoka. Nilimwamini. Nikamwonyesha uwanda mweupe uliopo katikati, nikamweleza kilichotokea hapo Novemba 1971. Kikundi cha wanafunzi kutoka Edinburgh kilizidiwa na dhoruba katika uwanda huo kikitafuta kibanda cha kujihifadhi. Walikufa sita, vijana watano wa shule pamoja na mwongozaji msaidizi. Uwanda wenyewe hauna hata jabali la kukutisha. Kuutazama ni kama uwanja wa mpira wa mbinguni. Kijana alivaa begi lake, tukateremka. Tulifika kwenye gari jua likiwa bado halijazama.

Sasa nieleze, Mhariri, kwa nini jambo hili linawahusu hasa watu wa kwetu.

Kilimanjaro kuna geti. Unajiandikisha, unalipa, na huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Ujuzi wote wa mlima umewekwa ndani ya watu. Mgeni anaweza kuwa hajui lolote, akapanda na kushuka salama, kwa sababu kuna mtu anayemtazama macho, anayemsikiliza anavyohema, anayemwambia polepole, na anayemrudisha chini kwa nguvu ikibidi. Miaka tisa nilikuwa sehemu ya ujuzi huo. Kijana aliyekulia Marangu ameuona mlima ukitunzwa namna hiyo tangu anazaliwa, hivyo akifika mlimani na asione geti, hudhani hapana kitu cha kulindwa nacho.

Uskochi sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea milimani, usiku na mchana, kiangazi na baridi, bila ada wala kibali. Ni sheria nzuri na ninaipenda. Mtunza wazee mwenye mshahara wangu asingeweza kulipia geti kila Jumapili. Lakini maana yake ni kwamba ule ujuzi uliokuwa kwa mwongozaji, kwa mpishi na kwa wagumu, wote unatakiwa uwe kichwani mwako na begini mwako kabla hujatoka nyumbani. Mwisho wa maegesho lami inakwisha na theluji inaanza, na hakuna atakayekuuliza umevaa nini.

Tena mlima wetu unaua kwa uhaba wa hewa, polepole, kwa dalili tunazozijua: kichwa, kutapika, kuyumba. Wa huku hewa imejaa. Unaua kwa unyevu kwanza. Mvua inakulowesha chini, juu inageuka theluji, upepo unamalizia. Mtu aliyelowa anayepigwa na upepo huanza kujikwaa, kisha kusema maneno yasiyoeleweka, kisha hutaka kukaa chini apumzike kidogo. Wenzake wakimruhusu kukaa bila kumfunika na kumpa kitu kikavu, anaweza asiinuke.

Kwa hiyo naomba, mkiandika tena kuhusu masomo ya huku, mwongeze aya kuhusu haya. Kijana asipande wakati wa theluji na raba, wala peke yake, wala kwa ramani ya simu tu. Shoka na kramponi hukodishwa, si lazima anunue, lakini bila kufundishwa kuvitumia ni chuma cha kubeba tu. Vyuo vingi vina vikundi vya wapanda milima, na wapo humo watu wenye subira ya kumfundisha mgeni. Aache kwa mwenzake wa chumbani karatasi yenye njia atakayopita na saa atakayorudi. Awe na filimbi: milio sita ndani ya dakika moja, kisha anyamaze dakika moja, kisha arudie. Akipata shida apige 999, aombe polisi, kisha aseme ni uokoaji wa milimani. Watakaokuja ni watu wa kujitolea wanaoacha kazi zao na vitanda vyao, na hawamtozi mtu hata senti. Vijana wetu wengine wanaogopa kupiga simu hiyo wakidhani kuna bili au kwamba viza itaguswa. Hakuna bili, wala hakuna anayeuliza viza.

Na wazazi nyumbani, picha ya kileleni ikiingia kwenye simu, kabla ya kupongeza tazameni miguu. Tazameni pia ni saa ngapi na kama yupo mwingine kwenye picha. Sisi wenyewe tulimpigia makofi mtoto aliyesimama juu ya mlima na raba, tukiwa watu wa mlimani.

Wanafunzi wa muhula wa Januari wameshafika huku. Theluji ya Cairngorms, safu ya milima niliyoieleza hapa, haiishi na Februari. Machi na hata Aprili bado kuna miteremko inayohitaji shoka, wakati huku chini maua ya njano yameshachanua bustanini na kila mtu anadhani baridi imekwisha. Ndiyo maana naomba barua hii isisubiri.

Dada yangu alipiga simu usiku ule tuliporudi. Kijana alimweleza habari za ndege mweupe na dira na uwanda, kwa dakika nyingi, lakini habari ya glavu aliificha. Baadaye nikamwuliza kijana kama nilifanya vibaya kumwita kwa jina lile. Amenunua glavu zenye kamba za kufunga mkononi, na ameandikishwa mafunzo ya theluji kwa siku mbili mwezi ujao. Ben Macdui tumeipangia wiki moja baada ya hayo, kama taarifa zitaruhusu.

Mgumu wa zamani kutoka Marangu,
Perth, Uskochi